Mwili wa Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, Madamu alikuwa anatukusanya chumba cha katikati na kuuliza, "Haya, mwili wa leo nani?" Usishtuke, ndivyo tulivyozoea kusema. Mwili ni mfanyakazi mmoja anayevua nguo na kulala kitandani, wenzake wakamfanyia mazoezi ya huduma yoyote mpya aliyoileta Madamu: mafuta mapya, tope jipya la uso, mawe ya moto, mashine. Kikiwasha, unawashwa wewe, si mteja. Kikiunguza, unaungua wewe. Saa ya kufungua ikifika unavaa sare yako, unajipangusa, unakwenda kumwambia mteja kwa sauti laini kwamba hii ni nzuri sana, hata mimi mwenyewe nimeijaribu. Na hapo husemi uongo.

Mimi si mkandaji. Mimi nafua taulo. Wananiita Mama Taulo na sijawahi kuona ubaya wa jina hilo, maana spa bila taulo ni watu uchi wanaotetemeka tu. Chumba changu kiko nyuma: mashine mbili za kufulia, moja ya kukaushia, sinki, pasi na meza ndefu ya kukunjia. Ukuta kati yangu na vyumba vya wateja ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo linalosemwa kule nalisikia, nitake nisitake. Na mdomo ninao, hilo niliseme mapema. Mume wangu aliondoka akisema amechoshwa na mdomo huu. Aliniachia watoto watatu na mdomo wenyewe.

Ninayetaka kumsimulia ni Pamba. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya mikono yake. Alianza kazi usichanani akiosha nywele kwenye saluni ya mtaani, hapo hapo kwenye sinki watu wakawa wanalala, wengine wanakoroma mpaka aibu, mwenye saluni akaona huyu msichana anapotezwa na sabuni, akamtafutia mtu wa kumfundisha kukanda. Alipofika kwetu alikuwa mke wa mtu tayari. Mrefu, mwembamba, msema kidogo. Mteja akija na bega limekaza kama ubao, Pamba haulizi maswali mengi. Anaweka kiganja, anatulia, anasikiliza kwa vidole, halafu ndiyo anaanza. Kuna wanawake walikuwa wanangoja wiki nzima zamu yake kuliko kushikwa na mwingine.

Mumewe ni fundi wa friji. Mtu mwema, lakini mpole kupita kiasi, yule mwanamume ambaye mama yake akiongea yeye anatazama viatu. Waliishi vyumba viwili na huyo mama, Pamba ndiye aliyekuwa analisha nyumba miezi ambayo friji za watu haziharibiki. Miaka sita ya ndoa, mimba mbili, zote zimetoka kabla ya mwezi wa tatu. Mama mkwe alikuwa na usemi wake kuhusu jambo hilo. "Tumbo lako lina tobo, mwenzangu," alikuwa anamwambia, "vitu vinaingia, vinatoka." Anamwambia mbele ya wageni, Pamba mwenyewe akiwa anagawa chai. Wageni wengine walikuwa wanacheka, eti bibi ana maneno huyu.

Pamba alinisimulia hilo siku moja tunakunja mashuka, naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia siku ukinialika hapo kwenu kunywa chai, huyo bibi atainywa pamoja na kikombe chenyewe.

Basi. Asubuhi moja akaingia kwangu mbio, akainamia sinki langu na kutapika. Sababu ilikuwa mafuta ya mkaratusi, yale tunayoweka chumba cha mvuke, ambayo alikuwa ameyanusa miaka yote bila neno. Nikamshika nywele. Alipomaliza akafungua bomba, akasukutua, akaanza kulisugua sinki kwa nguvu utadhani amevunja kitu cha watu.

"Ya lini?" nikamuuliza.

"Changa, dada. Changa sana. Nakuomba usimwambie mtu."

Nilijua anamuogopa nani. Kwa Madamu mjamzito hakai. Hakuna aliyewahi kuona sheria hiyo popote, lakini tuliona wawili wakitoka. Wa kwanza alitolewa tumbo likiwa limeanza kuonekana, Madamu akasema tena kwa upole, "Mteja anakuja hapa kusahau tumbo lake, mwanangu, si kutazama la mwenzake." Wa pili alitolewa kwa kusikika tu akisema anataka ndimu.

Pamba alikuwa ameshapanga. Safari hii alikuwa amekwenda kliniki mapema, akamkuta muuguzi mmoja mwenye subira, akamuuliza kila kitu. Akaambiwa kazi anaweza kufanya, asinyanyue vizito, asijichoshe, na hasa ajiepushe na joto kali: asikae kwenye mvuke, asiingie maji ya moto. Yeye akaongeza la kwake: hatasema kitu kwa yeyote mpaka miezi mitatu ipite. "Nikisema sasa, kazi inaondoka," akaniambia. "Halafu na hii ikitoka, dada, nabaki na nini? Ngoja kwanza ishike. Ikishika nitasema mwenyewe, hata kwa kipaza sauti." Alitaka hilo neno alitamke yeye. Nikamwelewa, nikafunga domo, na kwangu mimi hiyo ni kazi kuliko kufua.

Jumatatu moja zamu ya mwili ikamwangukia, na kilichokuwa kinajaribiwa ni mawe ya moto mgongoni. Nikajitokeza. Nikasema mgongo wangu umekatika kwa kuinamia mashine, nioneeni huruma leo niwe mwili mimi. Wakacheka wote, maana kitanda kililia nilipopanda. Nikalala pale nikapangwa mawe, na msichana wetu wa kupaka kucha, ambaye hakuwahi kushika jiwe maishani, akaniwekea moja limetoka kwenye maji yanayochemka. Nilichunika ngozi pale begani. Pamba akanipaka dawa nyuma kwenye mashine na kuniomba radhi mpaka nikamfukuza.

Sasa ndiyo akaja Bibie. Bibie ni mke wa mtoto wa Madamu, na Madamu mtoto anaye huyo huyo mmoja. Siku hiyo Madamu alimleta mwenyewe akiwa amemshika kiwiko, taratibu, hatua kwa hatua, akitutazama tuliosimama njiani mpaka tukasogea. "Mkwe wangu ana mgeni," akatutangazia. "Miezi miwili. Amechoka, kichwa kinamuuma, halali. Pamba, huyu ni wako. Mchagulie kila kilicho kizuri."

Mimi nilikuwa napeleka taulo, kwa hiyo nilikuwemo chumbani. Bibie alikuwa msichana mzuri, hana makuu, ila hajawahi kukosa kitu, na mtu wa namna hiyo anaongea akidhani dunia yote imeshiba. Akajitupa kitini akasema anataka vyote: aanze na mvuke, aingie beseni kubwa la maji ya moto, apigwe masaji ya nguvu ile ya kiwiko, amalizie na mawe. Ngozi yake imekuwa mbaya, akasema, na mgongo unamsumbua.

Pamba akachuchumaa mbele yake. "Daktari wako anajua kama umekuja kukandwa?"

"Anajua. Amesema nipumzike."

"Basi mvuke tuuache, mdogo wangu. Na beseni la moto tuliache. Mwili ukipata joto kupita kiasi miezi hii ya mwanzo, haumfai mtoto. Na mawe hivyo hivyo."

Bibie akanuna. "Sasa kimebaki nini?"

"Kimebaki kizuri tupu," Pamba akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikamwona anatabasamu. Akamwambia atamwekea miguu kwenye maji vuguvugu, si ya moto, atayapima kwa kiwiko kama anayemwogesha kichanga. Atamlaza ubavu, mto mmoja chini ya kichwa, mwingine katikati ya magoti, wa tatu wa kukumbatia, maana kwa tumbo halali mtu na chali atachoka. Atamkanda mabega, shingo, kichwa na mikono, kwa kiganja, bila kugandamiza. Tumbo hatamgusa, kiuno hatakibonyeza. Mafuta atatumia yale yasiyo na harufu, kwa sababu yale makali mengine hayafai kwa mimba changa na mengine yatamtapisha tu. Uso atamsafisha kwa maji na krimu nyepesi, zile dawa za kuchubua zingoje mtoto azaliwe. "Na ukisikia kizunguzungu, ukisikia chochote, unaniambia naacha hapo hapo. Hata kama ni katikati. Hakuna kujikaza hapa."

Madamu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Alikuwa amesikia yote.

"Umeyajuaje haya, mwanangu?" akauliza.

Pamba hakugeuka. Alikuwa anamvua Bibie viatu. "Muuguzi mmoja aliniambia, Madamu."

"Muuguzi wa wapi?"

"Wa kliniki."

"Ulikwenda kufanya nini kliniki?"

Nikamkanyaga Pamba mguu lakini nilishachelewa. "Nilimsindikiza wifi yangu, dada yake mume wangu," akasema.

Madamu akanywa chai yake funda moja. Mume wa Pamba hana dada. Hana kaka. Madamu alilijua hilo kama mimi, maana mama mkwe aliwahi kuja pale kazini kulilia wajukuu kwa sababu hiyo hiyo, eti ana mtoto mmoja tu na mtoto mwenyewe ameoa jangwa. "Ehe," Madamu akasema. "Wifi." Akaenda zake. Pamba akamwekea Bibie miguu majini, na baada ya muda mfupi Bibie akawa anakoroma.

Ukiniuliza Pamba alikosea wapi, nitakwambia ni pale. Alimhudumia mtoto wa mwenzake vizuri mno. Angempa nusu ya aliyoyajua, kama tunavyowapa wateja siku zote, asingegundulika.

Jumatatu iliyofuata tukakuta kifaa kipya chumba cha mvuke. Ni kama kabati la nguo, unakaa ndani kwenye kiti, milango ya kioo inafungwa, kichwa peke yake kinabaki nje kwenye tundu. Chini mvuke unachemka. Madamu alikuwa amekiwasha tayari, vioo vya chumba vilikuwa vimeshatoka jasho. Hakuuliza mwili nani.

"Leo nimechagua mwenyewe," akasema. "Pamba."

"Mimi nitaingia, Madamu," nikasema haraka. "Kifua kinanibana, mvuke utanisaidia."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe hutoshei, Mama Taulo. Utanivunjia milango."

Wakacheka. Msichana wa kucha alicheka mpaka akashika ukuta. Sikujali, nilikuwa namtazama Pamba, na Pamba alikuwa analitazama kabati. Madamu akaongeza, kwa ile sauti yake ya mapokezi, "Au una sababu, mwanangu? Kama una sababu, sema. Hapa hatulazimishani."

Alimpa njia mbili tu. Akisema ana mimba, kazi hana. Asiposema, aingie. Na wenzetu wote wamesimama pale wakisubiri kuanza mazoezi, hakuna anayeelewa kinachofanyika isipokuwa sisi watatu.

Pamba akavua. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza, "Kidogo tu, dada. Nitajikaza." Nilitaka kupiga kelele, lakini nilikuwa nimemwahidi. Akaingia, akakaa, Madamu akafunga milango kwa mkono wake na kuanza kuwafundisha wengine. Akawaeleza jinsi mvuke unavyofungua ngozi, jinsi unavyotoa uchafu, jinsi mteja anavyotakiwa kuulizwa kila mara kama yuko sawa. "Uko sawa, Pamba?"

"Niko sawa, Madamu."

Akaongeza moto kidogo. Akaeleza kitufe kile kinafanya nini na hiki kinafanya nini. Pamba alikuwa amefumba macho, jasho linamtiririka kutoka kwenye nywele mpaka kidevuni, na hawezi hata kujifuta kwa sababu mikono iko ndani. "Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Madamu, mtoe," nikasema. "Ana presha huyo."

"Pamba, una presha?"

Pamba akafumbua macho akanitazama. Aliniomba kwa macho, naliona ombi lile mpaka leo. "Hapana, Madamu. Sina."

"Hana," Madamu akaniambia. Akaongeza tena.

Hapo mimi uvumilivu ulinishinda. Nikaenda ukutani nikazima swichi, nikarudi nikafungua ile milango ya kabati, mvuke ukanipiga usoni. Nikamtoa Pamba nimemshika makwapani, nikamfunga taulo mbili. Akateleza akakaa sakafuni.

"Nani amekwambia uzime?" Madamu akauliza. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Ana mimba. Unajua ana mimba. Umejua tangu wiki ile na bado umemchemsha."

Msichana wa kucha akaweka mkono mdomoni. Madamu akachukua kitambaa, akafuta kioo cha kabati lake taratibu, akasema, "Nilijua, ndiyo. Nilitaka aseme mwenyewe. Mimi sipendi mtu anayenificha." Kisha akamgeukia Pamba, ambaye alikuwa amekaa sakafuni anahema, akamshika shavu. "Hongera, mwanangu. Nimefurahi sana. Sare yako utamwachia Mama Taulo aifue."

Nilimsaidia kuvaa kwenye chumba changu. Nilitarajia alie, nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Hakulia. Alifunga vifungo mpaka cha juu, akasema, "Ningevumilia, dada. Alikuwa anakaribia kuzima."

"Hakuwa anakaribia kuzima. Ungemvumilia mpaka lini?"

"Lile neno lilikuwa langu," akasema. "Nilikuwa nimelitunza niliseme mimi." Akachukua mkoba wake akatoka kwa mlango wa nyuma. Aliniudhi, nikapiga teke kapu la taulo. Mimi Madamu hakunifukuza, alisema taulo hazijifui. Nami nilibaki, kwa sababu nyumbani kuna midomo mitatu na yote inafunguka asubuhi.

Nyumbani ilibidi aeleze kwa nini amerudi mapema, mpaka habari ya kabati, kwa hiyo mama mkwe akajua habari mbili kwa pamoja, kwamba kuna mimba na kwamba hakuna mshahara. Siku za mwanzo alimtunza. Alimkataza kuinama, akamchemshia uji, akaanza kuwaambia majirani kwamba safari hii ni mjukuu wa kweli. Halafu damu zikaanza. Kidogo kwanza, kisha si kidogo. Mume akamkimbiza hospitali, wakarudi jioni yake wawili tu.

Nilikwenda kumwona kesho yake. Alikuwa amelala ubavu, ameugeukia ukuta. Akaniambia alimuuliza yule muuguzi kama ni mvuke, na muuguzi akamwambia hakuna anayeweza kujua. Nyingi za miezi ya mwanzo zinatoka zenyewe, bila mtu kufanya chochote, na yeye zilishamtoka mbili kabla. Inawezekana ingetoka hata kama angekaa kitandani wiki zote. Inawezekana isingetoka. Asijilaumu. "Hajui, dada," Pamba akasema. "Nilimuuliza mara mbili. Hajui."

Mama mkwe yeye alijua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni anachambua mchele, wala hakuinua kichwa. "Alikuwa na mtoto," akaniambia, "akaenda kumpika mwenyewe. Na mlango alifungiwa akiwa amekubali."

Mume alikuwa amesimama nyuma yake anatazama viatu. Nikasubiri aseme neno, hata moja. Nikamuuliza, "Shemeji, umesikia mama alivyosema?" Akasema amesikia. Akatoka nje kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Basi nikamwambia yule bibi nilichokuwa nacho, nilimwambia chote bila simile, akanisikiliza akiendelea na mchele wake, na nilipomaliza akasema, "Wewe mumeo si alikukimbia?" Pamba pale kitandani alijifunika shuka mpaka kichwani.

Kule kazini Bibie alikuwa anakuja kila wiki na hataki kushikwa na mwingine. Waliomjaribu aliwakataa, huyu mkono mzito, yule kucha ndefu. Siku moja alikuwa ameketi mapokezi, tumbo limeanza kujitokeza, ananung'unika kwamba Pamba amekwenda wapi. Dada wa mapokezi akamwambia amesafiri. Mimi nilikuwa napita na kapu. Nikaliweka chini.

"Hajasafiri," nikamwambia. "Yule aliyekukataza mvuke, mama mkwe wako alimfungia kwenye mvuke huo huo naye ana mimba kama wewe. Halafu akamfukuza. Na mimba imetoka."

Bibie akaweka mkono tumboni. Macho yakamjaa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, simsingizii. "Maskini," akasema. "Maskini yule dada." Akajifuta kwa kitambaa nilichompa mimi mwenyewe, kimetoka kwenye pasi. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo anaweza kurudi lini?"

Nilibeba kapu langu nikaenda nyuma.

Siku mbili baadaye Madamu akaniambia nivue aproni nimwonyeshe njia ya kwa Pamba. Njiani hakunisema kwa nilichomwambia mkwewe. Alikuwa amenunua matunda, akanipa nibebe. Tulipofika mama mkwe aliruka kutoka kwenye kigoda, akafuta kiti kwa kanga yake, akamwita mgeni "mama yetu". Pamba akatoka chumbani, amekonda, akasalimia, akakaa ukingoni mwa kitanda na mikono yake mapajani.

"Pole, mwanangu," Madamu akasema. "Nimesikia. Kazi ya Mungu haina makosa. Nimekuja mwenyewe nisitume mtu." Akaendelea, kwa upole ule ule. "Mimi sikuwa na ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ulikuwa na ile hali. Sasa ile hali haipo. Kazi yako ipo pale pale. Mkwe wangu anakuhitaji, amekukubali wewe peke yako. Utakuwa naye kila wiki mpaka ajifungue."

Nikamtazama Pamba, nikisubiri. Kama angeokota kile kikapu cha matunda akamtupia usoni, ningemsaidia kuokota yaliyodondoka amtupie tena.

"Atakuja," mama mkwe akajibu. "Jumatatu atakuja. Si ana afya? Tazama alivyo mzima. Wewe, inuka umpe mgeni chai."

Mume alikuwepo, kwenye kona. Alikuwa anatazama viatu.

Pamba akainuka. Akachukua birika akatoka nje kwenda kuteka maji bombani, nami nikamfuata mbio. Nikamwambia asithubutu. Nikamwambia mtu mwenye akili zake hawezi kurudi kwa yule mwanamke, hawezi kukaa wiki kwa wiki akilitazama tumbo la mwenzake lile likikua, akiweka mito, akipima maji, wakati lake amelizika juzi. Nikamwambia nitamtafutia kazi nyingine, saluni ziko tele, akae kwanza nyumbani apone. Nilimwambia hana haya. Ndiyo, nilimwambia hivyo.

Akaniacha nikamaliza. Birika likajaa, akafunga bomba. Ndani tulisikia mama mkwe anacheka, anamuuliza Madamu anakunywa sukari vijiko vingapi.

"Dada," Pamba akasema, "wewe ukitoka kazini unakuta watoto watatu. Mimi nikikaa hapa nipone, nakaa na nani?"